Mrithi wa Mtu Aliye Hai

Anania alinyweshwa chokaa. Ndivyo Tusekile, mkewe, alivyosimulia baadaye, na hakukosea sana. Lilikuwa bakuli la uji mweupe, mzito, baridi, usio na chumvi wala sukari. Aliambiwa aumalize wote, avue shati, asimame ndani ya chumba cha giza tumbo likibanwa kwenye ubao mpaka mashine ya eksirei ishibe kumtazama. Mzee wa kanisa, mtu aliyezoea kupishwa njia na vijana wa Uyole nzima, alitoka humo ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, midomo imeganda weupe kama mtoto aliyefumaniwa akilamba unga.

Kesho yake walikaa tena kwenye benchi la hospitali, pale Mbeya, kungoja majibu: Anania, Tusekile, na Jailos, mdogo wake Anania wa tumbo moja. Anania alikuwa amepauka hadi viganja. Kwa muda mrefu choo chake kilikuwa cheusi kama lami, na kilima kidogo cha kwendea shamba lake la pareto kilimlazimisha kukaa chini njiani na kujifanya anakagua magugu. Jailos alikuja kumsindikiza kaka. Alikuwa amerudi mwaka uliopita kutoka migodi ya dhahabu ya Kusini na sanduku la bati, kofia pana ya kijivu, na ugonjwa wa kuanza kila neno kwa "Kule Joni," kama wachimbaji walivyouita mji wa dhahabu. Mengine yote aliyoyachuma huko yaliishia njiani.

Mzungu daktari alizungumza huku akiinua picha nyeusi dirishani. Philbert, msaidizi wake, Mbena mmoja mwenye haraka, alitafsiri bila kuketi, maana nje alikuwa na benchi zima la watu wanaokohoa.

"Bwana mkubwa anasema kwenye mfuko wako wa chakula kuna vinyama. Vitatu. Vimeota kwa ndani, kama uyoga unavyoota kwenye gogo."

Anania alitazama viatu vyake.

"Nyama ya nini?" Tusekile aliuliza.

"Nyama yake mwenyewe, mama. Ngozi ya ndani imeota pasipotakiwa. Viwili ni vidogo, watu wengine huzeeka navyo wala wasijue. Cha tatu ni kikubwa. Hicho ndicho kinavuja damu, hicho ndicho kimemmaliza nguvu. Na kikubwa namna hiyo kikiachwa, huenda kikageuka kuwa kansa."

"Kansa ndiyo nini?"

"Donda baya la ndani. Linakula, halafu linatembea."

Jailos alivua kofia, akaiweka kifuani.

"Basi kaka anakufa," alisema.

Philbert alimgeukia kama mtu aliyekanyagwa. "Nani amesema anakufa?"

"Si wewe umesema kansa?"

"Nimesema huenda. Sasa hivi si kansa, ni kinyama tu. Kikitolewa mapema, kimetoka. Mpasuaji yuko Iringa. Aende mwezi huu, asikae."

"Dakitari," Jailos alisema kwa upole wa mtu anayemwelimisha mwenzake, "mimi nimekaa na Wazungu. Kule Joni, Mzungu akisema huenda, hiyo ni adabu tu."

Philbert alifungua mlango na kumwita mgonjwa mwingine.

Walipanda lori kurudi Uyole. Kabla halijaondoka Jailos alikuwa amekwisha kuwaeleza abiria wote. Liliposimama Mwanjelwa kupakia magunia, alishuka kununua tumbaku, akawaeleza na wa huko. Kila alipoeleza, neno la huenda lilipungua kidogo, mpaka likapotea kabisa kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji. Walipofika nyumbani, Ikupa, shangazi yao, alikuwa amekwisha kufika kabla yao, sijui kwa mbawa gani, naye amekaa chini katikati ya uwanja, kitambaa amekifunga tumboni kama wafungavyo wanawake msibani.

"Mwe, mwana wa kaka yangu!" alilia. "Mwe, umetuacha!"

"Shikamoo, shangazi," alisema Anania aliyewaacha.

* * *

Kuna watu ambao hawajui njia ya kwenda shambani kwa mgonjwa, lakini njia ya jikoni kwake wanaijua hata wakiwa wamefumba macho. Hao walikuja. Walikuja asubuhi na kukaa mpaka maharage yaive, wakala, wakatikisa vichwa, wakasema, "Ndiyo dunia," wakaomba maziwa ya mgando ya kushushia. Tusekile na Sekela, binti yake, waliteka maji, wakamenya viazi, wakaosha vyombo. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza basi la Iringa linapita siku gani.

Walimzungumzia Anania naye akiwapo. "Alikuwa mtu mwema," mmoja alisema, akimega ugali. Anania, aliyekuwa ameketi karibu naye kabisa, aliinamisha kichwa kama anayeshukuru. Hilo ndilo lililomchoma Tusekile kuliko yote. Mumewe alianza kuzungumza kwa sauti ya chini, ya kuaga. Alimwita Sekela akamuusia ampende mama yake. Aligusa milango. Siku moja Tusekile alimkuta amesimama nyuma ya nyumba akipima kwa macho sehemu yenye udongo laini.

"Baba Sekela, unatafuta nini huku?"

"Hapa ni pazuri," alisema. "Hapatuami maji."

"Pazuri kupanda vitunguu," alisema Tusekile, akamshika mkono na kumrudisha ndani.

Jailos yeye hakulia. Jailos alifanya kazi, jambo ambalo halijapata kuonekana. Alizunguka shamba la pareto akiwa amefunga mikono nyuma. Alihesabu miche ya mikaratusi. Alitoa koti zito la Anania msumarini, akalivaa, akanyoosha mikono kuona kama mabega yanamkaa, na alipogeuka akamkuta kaka yake anamtazama kutoka kitandani.

"Lina nondo," Jailos alisema. "Nilikuwa nalianika."

"Lianike," alisema Anania.

Kisha Jailos akaanza kuhamisha ng'ombe. Aliwatoa wanne kwenye zizi mchana kweupe na kuwaswaga kuelekea kwake. Tusekile alimkuta njiani akiwa na mzigo wa kuni kichwani, akasimama katikati ya njia.

"Shemeji, ng'ombe hao wanakwenda wapi?"

"Nawazoesha tu, shemeji. Ng'ombe naye humzoea mtu. Nikianza nao siku ya msiba watanikimbia."

"Na mimi? Mimi nitaanza kuzoezwa lini?"

Jailos alicheka, akaweka kofia upande. Mke wake mwenyewe alikwisha kumkimbia tangu yuko migodini. "Usihofu. Hutalala njaa. Kanisa lina maneno yake, lakini mila iko. Mke wa kaka hatupwi."

Tusekile alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, tena kuanzia viatu mpaka kofia, na hakuona pahali pa kusimamisha jicho.

"Jailos," alisema, "mume wangu aliyenioa hajafa, nawe tayari umeoza. Pita."

Akampisha njia, si kwa heshima, bali kama apishwavyo mnyama mwenye kupe.

* * *

Kikao cha ukoo kilifanyika Jumamosi, na kwa sababu kilikuwa cha ukoo kilihitaji jogoo wawili. Tusekile aliwachinja. Alikaa mlangoni, mahali pa wanawake, akasikiliza.

Jailos alizungumza kwanza. Kumpeleka kaka Iringa, alisema, ni kumtesa bure. Mtu aliyekwisha kuhukumiwa hapasuliwi. Na akifia huko, nani ataleta maiti? Mnyakyusa azikwe kwa Wahehe, mbali na baba yake? Tena kisu cha Mzungu kikishagusa kitu kama hicho kinakitia hasira. Kule Joni aliona mtu kama huyo, alipasuliwa Jumatatu, akazikwa Jumatano.

"Alikuwa na vinyama?" aliuliza Tusekile kutoka mlangoni.

"Alikuwa na kitu mguuni."

"Mguu na tumbo!"

"Shemeji yetu huyu anaongea kama mwanamume," mtu mmoja alinung'unika.

Ndipo shangazi Ikupa alipojisogeza mbele. Alisubiri kimya kije, maana alikuwa fundi wa kusubiri kimya.

"Nyinyi watoto mnazungumza Iringa, Iringa. Hamjiulizi vinyama ni nini. Zamani mtu akifa kifo kisichoeleweka, wazee walimpasua tumbo kabla ya kumzika. Mimi nilikuwa msichana, niliona. Wengine walikutwa safi. Wengine walikutwa na vitu, vimekaa ndani vimejikunja. Joka. Mwenye joka tumboni ndiye anayeruka usiku, ndiye anayekula wenzake." Alishusha sauti. "Sisemi kitu. Nasema tu, hivyo vitatu, Wazungu wameviona wenyewe kwa mashine."

Tusekile alimtazama mumewe, akaona jambo ambalo hakulitarajia. Anania alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo lake na kulisikiliza. Mtu huyo aliyekuwa akiongoza sala kila Jumapili, aliyekuwa akiwakemea vijana kwa hirizi, alikuwa anajiuliza kama kuna kitu kinatembea humo ndani. Sasa Tusekile alielewa kwa nini kila alipomtajia Iringa mumewe alijibu, "Tuone kwanza." Hakuogopa kisu. Aliogopa kitakachoonekana.

Tusekile aliinuka.

"Shangazi, naomba kusema. Nimeosha matumbo ya ng'ombe tangu niko binti. Nimekuta vinundu, nimekuta vinyama vimeota kwa ndani, vyenye vikonyo kama uyoga. Nilikata nikatupa, nikapika, mkala. Wewe mwenyewe ulikula kwenye harusi ya Sekela mkubwa, somo wa binti yangu, ulirudia mara mbili. Mbona hukuniuliza kama yule ng'ombe alikuwa anaruka usiku?"

Kijana mmoja alicheka, akapigwa kofi la bega.

"Unamfananisha mumeo na ng'ombe?" Jailos aliuliza.

"Ng'ombe ana bahati. Yeye hula majani, haliwi na ndugu zake akiwa bado anapumua."

Kikao kiliamua kwamba Anania abaki nyumbani, aombewe. Kisha kikaomba supu.

* * *

Maneno ya shangazi yalifika kanisani Jumapili ileile, kabla ya mahubiri. Wazee wa kanisa walikuwa na benchi lao mbele, fupi kuliko idadi yao, na kwa miaka yote Eliezeri, aliyekuwa mdogo kwao kwa cheo, alikaa ukingoni, nusu ya tako hewani. Siku hiyo alimkuta Anania mlangoni, akamchukua pembeni kwa upendo mwingi.

"Mzee mwenzangu, si kwamba tunasadiki maneno ya wapagani. Hasha. Ila kwa ajili ya walio wachanga katika imani, ni vema ukae kwanza huku nyuma na washirika, mpaka lijulikane lililomo."

"Lililomo wapi?"

"Humo," alisema Eliezeri, akionyesha tumbo la mwenzake kwa kidevu.

Anania alikaa nyuma, kati ya mabibi wenye watoto. Alipoinua macho alimwona Eliezeri amejiweka katikati ya benchi la mbele, mapaja ameyaachia, ameenea kama unga uliomwagika. Tusekile, upande wa wanawake, aliona shingo ya mumewe ikisimama mishipa. Hakuwa ameiona ikisimama hivyo tangu ugonjwa uanze.

Nyumbani hakukaa. Alisimama katikati ya chumba akihema.

"Funga vitu. Tunakwenda Iringa."

"Leo umeamua?"

"Wanipasue! Wanipasue, na wakikuta joka wamletee Eliezeri alifuge!"

Tusekile alikuwa amembembeleza kwa ajili ya uhai wake, akakataa. Alimbembeleza kwa ajili ya mtoto wao, akasema tuone kwanza. Alilia, tena kwa magoti, wala Tusekile si mwanamke wa kulia. Sasa kwa ajili ya ubao wa kukalia, mtu mzima amekubali kufunguliwa tumbo. Neno lilimjia ulimini, akalimeza. Mgonjwa akinywa dawa kwa hasira, dawa haimuulizi. Alifunga mablanketi, unga na sufuria, na basi la kwanza la Iringa lilipopita waliokuwa barabarani ni wao wawili tu. Wale wa pole walikuwa na shughuli siku hiyo.

* * *

Iringa iliwapokea kwa upepo unaokata masikio. Hospitali ilikuwa na banda la kupikia ambako wanawake wa Kihehe, wa Kibena na wa Kisangu waligombania mafiga na kuulizana wagonjwa wao, kila mmoja kwa Kiswahili chake. Tusekile alipika humo, akalala humo, akapata usingizi kuliko aliokuwa akiupata nyumbani kwake, maana hapa hakuna aliyemhesabu miongoni mwa wafiwa.

Walimwongezea Anania damu kwanza. Mpasuaji alisema hana hata ya kumwaga. Siku ya kupasuliwa alivuliwa kila kitu akavikwa gauni la kufungwa mgongoni, nalo halikufungika. Akapelekwa kwenye kitanda cha magurudumu mbele ya wanawake waliokuwa wanafagia, mikono ameikaza nyuma ajisitiri. Tusekile alitembea kando yake hadi alipozuiwa.

"Mama Sekela," Anania alinong'ona, "wakikiona, usimwambie mtu."

"Wakikiona, nitakupikia hichohicho."

Alikaa nje tangu asubuhi. Hakuwa mtu wa sala ndefu. Aliyoisema ilikuwa fupi na haikuwa na adabu nyingi. Jua lilipopinduka muuguzi aitwaye Esta, msichana mrefu mwenye mikono iliyopasuka kwa sabuni, alimwita ndani. Anania alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma. Esta aliinua kitambaa juu ya bakuli la bati.

"Aliomba sana kabla ya kulala kwamba aonyeshwe. Daktari amekubali. Lakini hataamka sasa, naye daktari anavitaka. Tazama wewe."

Tusekile aliinama. Kipande cha ngozi ya tumbo, nyekundu, yenye mikunjo aliyoifahamu tangu ujana wake wa kuosha matumbo. Juu yake vinyama viwili vidogo kama punje za mahindi mabichi, na kimoja kikubwa kama ukwaju uliomenywa, chekundu, kimechubuka kichwani. Havikuwa na macho. Havikuwa na mkia. Kwa hivi ng'ombe wanne walihama zizi. Kwa hivi jogoo wawili walikwenda. Kwa kitu hiki ambacho paka angekipita.

"Basi?" aliuliza.

"Basi," alisema Esta. "Kitapelekwa Dar es Salaam kitazamwe kwa darubini."

Majibu yalichukua wiki nyingi, na kwa wiki hizo Anania alikunywa uji kijiko kwa kijiko, akajifunza kutembea hadi mlangoni, na rangi ikarudi viganjani kidogo kidogo. Mpasuaji alipowaita, Esta ndiye aliyetafsiri, naye hakuwa na haraka.

"Vile viwili vilikuwa vinyama tu. Kikubwa kilikuwa kimeanza kugeuka, kwenye ncha. Shina lake lilikuwa bado safi. Kimetoka chote, na nyama nzima iliyokizunguka. Daktari anasema mngekaa hadi mwakani angekuwa na maneno mengine ya kuwaambia."

Anania alifumba macho.

"Arudi kila mwaka apigwe picha," Esta aliendelea. "Vingine huota tena. Halafu daktari anauliza, mzee una ndugu wa baba na mama mmoja?"

"Mdogo wangu mmoja tu."

"Naye aje. Vitu hivi wakati mwingine hufuata ukoo. Pengine hana kitu. Atazamwe tu."

* * *

Waliporudi Uyole, mtu wa kwanza kuwaona aliangusha jembe. Wa pili alikimbia. Jioni ng'ombe wanne walikuwa zizini kama hawajapata kutoka, na koti lilikuwa msumarini, limekunjika viwiko kwa namna ambayo Anania hakuwa nayo. Jumapili alitembea taratibu hadi mbele kanisani na kusimama karibu na benchi la wazee. Eliezeri alitazama kitabu cha nyimbo. Halafu akajisogeza, akajisogeza tena, mpaka nusu ya tako ikarudi hewani.

Baada ya ibada Anania aliomba kushukuru. Aliwashukuru wachungaji kwa maombi. Aliwashukuru wazee wenzake kwa kumchukulia udhaifu. Alimshukuru shangazi Ikupa kwa machozi yake, na mdogo wake Jailos kwa kutunza mifugo. Watu waliitika amina. Mkewe hakumtaja, labda alisahau, labda aliona ni kama kuushukuru mkono wake mwenyewe. Tusekile alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameweka mikono pajani. Huyu ndiye niliyemrudisha, aliwaza. Basi. Ndiye huyuhuyu aliyekuwapo.

Ujumbe wa daktari Tusekile alimfikishia Jailos mwenyewe, uwanjani, mbele ya watu. Jailos alicheka kwa sauti kubwa. "Mimi? Mimi nimepimwa kule Joni na madaktari kumi! Nimebeba reli mimi!" Watu wakacheka naye, naye akacheka zaidi, hata baada ya wengine kunyamaza.

Siku chache baadaye Jailos alimfuata Tusekile kisimani. Hakuwa na kofia. Alisubiri wanawake wengine wajitwike mitungi na kuondoka, akabaki akisugua kidole kwenye jiwe.

"Shemeji. Kile choo cha kaka. Weusi wake ulianza namna gani?"

Tusekile aliacha kata ikielea.

"Tangu lini, Jailos?"

"Sisemi mimi. Nauliza tu."

"Tangu lini?"

Alitazama kando. "Kabla ya kaka kuugua. Tangu niko bado kwenye mgodi. Hutoka, hukoma."

Alikuwa na dalili ileile, basi. Alikuwa nayo pale hospitalini alipovua kofia. Alikuwa nayo alipohesabu miche, alipopima koti, aliposema mbele ya ukoo kwamba mtu wa namna hiyo hapasuliwi. Pale alipomhukumu kaka yake kufa nyumbani alikuwa anajihukumu na yeye, ilimradi asiulizwe. Tusekile alikuwa ameweka akiba ya dharau kwa miezi mizima, na sasa alipotaka kuitoa yote aliona mbele yake mtu mwenye viganja vyeupe.

"Na ulitaka kunirithi na nini?" alisema. "Na hiyo damu?"

"Shemeji, usimwambie mtu. Shangazi akisikia atasema nina joka."

"Si yaleyale uliyomwachia ayaseme juu ya kaka yako?"

Machozi yalimtoka Jailos, tena machozi ya kweli, nayo hayakumpendeza hata kidogo.

"Nyamaza," Tusekile alisema. "Basi la Iringa linapita Jumatatu. Muulize Esta, ni muuguzi. Mwambie umetoka kwa Anania wa Uyole."

Jumatatu Jailos alichukua sanduku lake la bati akaenda barabarani. Alirudi kabla ya chakula cha mchana. Basi limejaa, alisema. Jumatatu iliyofuata likajaa tena. Tusekile, aliyekuwa akipalilia viazi kando ya barabara, aliliona kwa macho yake likipita, watu saba ndani, mmoja amelala amenyoosha miguu.

Jumatatu ya tatu aliacha jembe shambani, akaenda kusimama kando ya Jailos. Basi lilipokuja alipunga mkono, likasimama. Dereva akangoja. Abiria wakatoa vichwa.

"Panda," alisema Tusekile.

"Shemeji, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Panda."

"Nikifa huko?"

"Ukifa huko nitakuja kukuchukua. Nani mwingine atakuja? Wale wala maharage? Panda, Jailos."

Alimshika kiwiko, akamsukuma ngazini kama asukumwavyo ndama asiyetaka kuoshwa, akampandishia sanduku, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Jailos aliketi dirishani, mdogo, bila neno hata moja la Joni. Basi likaondoka.

Shangazi Ikupa alikuwa anavuka barabara na kikapu. Alisimama, akalitazama vumbi, akamtazama Tusekile, na macho yake yakaanza kung'aa.

"Anakwenda wapi huyu? Mbona analia? Kuna nini tena?"

Neno lilikuwa limejaa kinywani mwa Tusekile, tamu kama asali ya kuiba. Neno moja tu, na kabla ya jua kuzama Uyole nzima ingekuwa inamlaza Jailos kaburini, joka likiwa juu yake. Alimtazama mama huyo wa misiba, akalitafuna, akalimeza.

"Anakwenda kutembea," alisema. "Akirudi muulize mwenyewe."

Akarudi kwenye viazi vyake. Ikupa alibaki barabarani muda mrefu, kikapu mkononi, amekasirika kama mtu aliyenyimwa chakula.